Kutu Isiyopakwa

Kutu ilitokea mahali ambapo Zulaikha hakuipaka.

Ilikuwa kwenye mlango wa kilori cha bluu, upande wa dereva, doa dogo kama punje ya mtama. Asubuhi ile, alipofungua karakana yao ya Old Kampala, alidhani ni mkono wake mwenyewe uliopitiwa. Akachukua brashi, akalifunika doa kwa rangi, akaendelea na kazi nyingine. Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, doa lilikuwa limerudi, na safari hii rangi iliyolizunguka ilikuwa imevimba na kupasuka kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto.

Yeye na mwenzake Annick walitengeneza vigari vya mfano, malori na mabehewa ya zamani yanayoenea kiganjani, na wateja waliviweka kwenye makabati ya vioo. Hakuna aliyetaka kigari kinachong'aa. Walitaka kilichochakaa, kilichonyeshewa, chenye milango iliyobabuka. Annick, aliyeingia Kampala kutoka Bukavu na binti yake Reine mgongoni, ndiye aliyekata bati, akaunda bodi na kulipaka kahawia ya chini. Zulaikha, Mnubi wa kilima cha Kibuli, alinyunyiza chembe za chumvi juu ya kahawia ile ingali mbichi, akapuliza rangi ya juu, na ilipokauka akaisugua kwa mswaki uliolowa. Chumvi iling'oka na rangi, na chini yake kutu ikachungulia. Watu waligusisha pua kwenye kioo wakiapa kwamba kile ni chuma kweli.

Waliitana dada, na halikuwa jina la mdomoni tu. Bi Habibah, mama yake Zulaikha, alipofariki, Annick alilala matangani na wanawake wa Kinubi mpaka msiba ukaisha, akiosha vyombo bila kuambiwa. Naye Zulaikha alikuwa amemlea Reine kama wa tumbo lake.

Kisha Annick akaleta lile kopo. Ndani yake mlikuwa na unga wa kutu ya kweli, aliokwangua kwenye lori lililotelekezwa majanini karibu na reli ya Port Bell.

"Hii inashinda rangi yote," alisema. "Mimi nitaichanganya kwenye kahawia. Lakini dada, tuache chumvi. Tutumie ile dawa ya kupulizia nywele. Nayo inabandua vizuri."

Zulaikha hakuuliza kwa nini. Kilori cha bluu kilikuwa cha kwanza kupakwa unga ule.

Baada ya doa ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya chuma kilicholowa, nzito, inayokaa nyuma ya ulimi kama mtu amenyonya msumari. Kisha sauti. Mchana wa jua kali, barabara ikiwa na kelele za boda na wauza nguo, Zulaikha alisikia kitu kikikwangua rafuni nyuma yake, taratibu, kama ukucha unaotafuta pa kuingilia. Akigeuka, kimya.

"Annick, umesikia?"

"Sisikii kitu," alijibu Annick, bila kuinua uso kwenye bati lake.

Nyumbani kwake bomba lilianza kutoa maji ya kahawia, ilhali kwa jirani yalikuwa meupe. Sindano mpya ilishika kutu ndani ya kitambaa. Na asubuhi moja, akitawadha, ngozi ya kifundo cha mkono wake wa kulia ilibanduka kipande kikavu, bila maumivu wala damu, na chini yake palikuwa na rangi aliyoijua vizuri kuliko mtu yeyote mjini, kwa sababu ndiyo aliyoiigiza miaka yote.

Siku hiyo Annick hakuja kazini. Zulaikha alikaa peke yake na kile kilori, akaamua kukivua rangi yote aone kutu inaanzia wapi. Akalowesha mswaki, akasugua mlango wa dereva, na rangi ya bluu ikaondoka vipande vipande, nayo harufu ikapanda mpaka macho yakamchoma, na ile kwaru kwaru ikaanza tena, si rafuni sasa bali chini ya vidole vyake, ndani ya bati, kana kwamba anavyosugua yeye kwa nje ndivyo mwingine anavyosugua kwa ndani ili wakutane, na hakuweza kuacha, mkono ulikwenda wenyewe, mpaka katikati ya kahawia ya chini zikatokea herufi zilizochorwa kwa ncha ya msumari kabla rangi haijakauka: Zulaikha binti Habibah.

Aliutambua mwandiko. Kahawia ya chini ilikuwa kazi ya mtu mmoja tu.

Akatoka na kilori kimefungwa kwenye mtandio, akapanda boda mpaka Kibuli kwa shangazi yake, Bi Maimunah, ambaye watu walimfuata awasomee wagonjwa wao Kurani. Bi Maimunah hakukigusa. Alimlaza Zulaikha mkekani, akamshika kichwa, akaanza kusoma.

Zulaikha alijisikia akifunguka kinywa. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya kusaga, kama mlango wa gari usiofunguliwa kwa miaka.

"Mimi si mwizi," ilisema. "Nimepewa."

"Nani amekupa?"

"Anayekula naye sahani moja."

Zulaikha alipopata sauti yake alisema, "Namjua, shangazi. Mpigie simu aje."

Annick alikuja. Alisimama mlangoni na viatu mkononi, akautazama mkono wa Zulaikha, na hakushangaa. Zulaikha alipoona hakushangaa, kitu ndani yake kikavunjika zaidi kuliko lilipotokea lile jina.

"Ulijua," alisema Zulaikha kwa sauti ya chini.

"Ilinishika mimi kwanza," alisema Annick. "Nilipotoka kwenye lile lori ilinifuata mpaka nyumbani. Reine akaanza kukohoa maji ya kahawia. Ikaniambia, nipe mwingine, na jina la mama yake, nimwache mtoto."

"Ukanitoa mimi."

"Wewe uko na watu, dada. Uko na shangazi, uko na msikiti, uko na kilima kizima ya kukulilia. Mimi niko na Reine tu."

"Na chumvi?"

"Inaichukia."

"Kila siku umekula na mimi. Ulinisuka nywele, Annick, ukiyajua haya."

Annick alianza kulia, lakini hakusogea.

"Sikiliza, binti," alisema Bi Maimunah. "Aliyetoa anaweza kurudisha. Sema kwa kinywa chako: nilimtoa, sasa namchukua. Nitawasomea nyote, wewe na mtoto."

Annick alirudi nyuma hatua moja. "Samahani, mama," alimwambia Bi Maimunah. "Siwezi." Akavaa viatu, akaondoka akiteremka kilima haraka, bila kugeuka.

Hapo ile sauti ikacheka kooni mwa Zulaikha. Ikamnong'oneza, polepole, karibu kwa upendo: yeye amekutoa bila kusita, nawe mtoe. Jina la mama yake unalijua. Litamke tu, nami nitatoka kwako sasa hivi.

Alilijua. Annick alikuwa amemtajia akilia, siku ya mazishi ya Bi Habibah. Jina lilikuja mpaka ncha ya ulimi, na Zulaikha, mwenye hasira ya kutosha kulisema mara mia, alimwona Reine akilini mwake, akikohoa. Akauma ulimi mpaka damu ikamjaa kinywani.

Bi Maimunah alisoma mchana kutwa, sauti ikimkauka na kurudi, na Zulaikha akajipinda mkekani huku ngozi ya mkono ikimbanduka na kuanguka kama magamba, mabati ya paa yakilia juu yao bila upepo, kioo cha dirisha kikipata ukungu wa kahawia, mpaka karibu na magharibi akatapika maji mekundu yenye chembe za chuma, na nyumba nzima ikatulia. Ndani ya mtandio, kilori kilikuwa kimegeuka vumbi.

Alipona. Mkono uliota ngozi mpya, laini, isiyohisi kitu, na kazi ya brashi ikawa imekwisha. Karakana ilifungwa. Alisikia kwamba Annick amehamia upande mwingine wa mji na kwamba Reine anaenda shule. Hakumtafuta. Lakini kila simu ilipolia alitazama jina kwanza, na kila jioni alijikuta akipanga namna ya kumjibu siku atakapokuja kuomba radhi.

Jioni moja mlango uligongwa.

"Dada," ilisema sauti ya Annick nje, ikitetemeka. "Nimekosa. Nimekuja uniseme. Nifungulie."

Yalikuwa maneno yaleyale aliyoyangoja. Zulaikha aliinuka machozi yakimtoka, akashika komeo, kisha akachungulia kidogo dirishani ili auone uso wa rafiki yake kabla ya kumfungulia.

Barazani hapakuwa na mtu. Sauti iliendelea kumwomba, hapohapo mlangoni, ikilia kama Annick anavyolia.

Akaliachia komeo, akakaa chini na kuanza kusoma, mpaka sauti ikachoka ikaondoka. Imekuja tena mara kadhaa tangu siku hiyo. Annick mwenyewe hajaja.