Jichondani na Wasio na Chale

Kalekwa aliingia kwenye kibanda cha jichondani pale kituo cha treni ya juu, Tabora, akainua blauzi kidogo, akasimama wima. Mwanga mweupe ukampita tumboni. Mashine ile haikuchoma wala haikugusa. Ilimpiga mtu picha tabaka kwa tabaka, kuanzia ngozi hadi ndani ya ini, na kabla hajashusha pumzi ilikwisha kujua kama ana saratani. Taa ya kijani ikawaka.

"Ini lako ni salama," ilisema.

Nje alikuwa akimsubiri Nshoma, dada wa mumewe, amemshikia mkoba.

"Umesikia, wifi?" Kalekwa aliuliza.

"Mimi nimesikia. Na maumivu nayo yamesikia?"

Kalekwa alicheka huku ameshika ubavu. Tangu kiangazi kianze, Nshoma alikuwa akimsihi waende kwa mganga, achanjwe chale chini ya mbavu za kulia na kupakwa dawa, kama walivyofanya wengi pale mjini kabla ya kufikiria hospitali.

"Nichanjwe kama mti wa mpira unaogemwa, na mashine ni ya mwanangu?"

Huyo mwanawe ndiye Nyamizi, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye Kalekwa alimlea tangu akinyonya. Sasa alikuwa mhandisi, na ni yeye aliyeifundisha jichondani. Hakuiambia saratani inafananaje. Aliionyesha picha nyingi mno, kila moja na jibu lake, huyu mgonjwa, huyu mzima, akaiacha itafute yenyewe alama inayowatenganisha. Ikaitafuta, ikaipata, na madaktari wakashangilia.

Ijumaa Nyamizi alikuja kula. Kalekwa, kama kawaida, alikuwa amemwekea ukoko wa wali kwenye sahani ya peke yake. Alipogeuka dirishani kuchukua jagi, jua lilimpiga usoni. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano.

Nyamizi akaacha kutafuna.

"Mama, tangu lini macho yako yako hivyo?"

"Yakoje? Kula kwanza, chakula kitapoa."

Hospitalini, Daktari Mihayo alimbonyeza Kalekwa kwa vidole, kisha akachukua kipande kidogo cha ini kwa sindano. Majibu yalipotoka alimwita Nyamizi peke yake. Hakumlaumu. Alimvutia kiti, akammiminia chai, akangoja anywe kidogo ndipo akasema.

"Imeshaenea. Angekuja mwaka jana, tungeikata."

"Mwaka jana alipimwa, daktari. Amepimwa mara nyingi. Na mashine yangu."

Nyamizi alirudi ofisini, akaiamuru jichondani ionyeshe inatazama wapi inapotoa hukumu. Kwenye kila picha ya mgonjwa, doa jekundu la macho ya mashine lilitua juu ya ngozi, kwenye vikovu vidogo vyeusi vya chale. Ini halikutazamwa kabisa. Akachukua picha ya mzee mmoja aliyekwisha kufa kwa saratani hiyo, akamfuta chale zake tu, ini akaliacha vilevile.

"Ini lako ni salama," ilisema mashine.

Wagonjwa waliotumika kuifundisha walikuwa karibu wote wamepitia kwa mganga kwanza. Wazima walikuwa wanafunzi wa vyuo waliojitolea, ngozi zao laini. Mashine iliokota alama iliyo rahisi. Nayo ilipojaribiwa, ilijaribiwa kwa picha za wodi zilezile, ikashinda. Wagonjwa iliowakosa ni wale waliokataa wembe wa mganga kwa sababu waliiamini.

Nyamizi alivifunga vibanda vyote siku ileile. Mkurugenzi wake alifoka kwenye simu. Nyamizi alimwacha afoke. Kisha akaenda kwa Kalekwa, akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza yote bila kupunguza.

Mkono wa Kalekwa ukapapasa, ukapata kichwa cha mwanawe, ukabaki hapo.

"Kwa hiyo mimi ningechanjwa, ingeniona."

"Ingekuona, mama."

"Na nitapona?"

"Hapana, mama."

"Haya." Alipumua kwa shida. "Sasa ni nani mwingine?"

"Sijui bado. Tutawaita wote."

"Mimi namjua mmoja. Mbula, jirani. Alikuwa na maumivu kama yangu, akataka kwenda kuchanjwa. Nikamshika mkono mimi mwenyewe, nikampeleka kibandani. Nikamwambia mwanangu hakosei." Alishusha miguu chini. "Nipe kanga."

"Pumzika, mama. Nitakwenda mimi."

"Wewe humjui. Ataanza kukukaribisha uji, na wewe utaona haya."

Walikwenda taratibu, Nyamizi amemshika kiunoni, wakisimama kila Kalekwa alipohitaji kupumzika. Mbula alifungua mlango mikono imejaa unga, mashavuni pia.

"Karibuni, karibuni. Shoga, nasikia unaumwa, nawe unatembea? Ingieni, nakoroga uji."

Kalekwa hakuingia. Alimshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga wa jua, akamtazama weupe wa macho kwa muda mrefu. Mbula alicheka, akidhani ni utani, kisha akaacha kucheka.

"Vipi, shoga?"

Kalekwa akamfuta unga mashavuni kwa ncha ya kanga yake, polepole, shavu hili na lile.

"Zima jiko," alisema. "Vaa viatu, mwenzangu. Tunakwenda hospitali wote."