Maharagwe ya Mama Sidonie na Baridi ya Bondeni

Anne-Marie anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Anawaosha, anawapikia uji, anasikiliza habari za watoto wao. Jumamosi haendi kazini. Jumamosi ni siku ya shamba.

Shamba lenyewe ni kipande kidogo cha kukodi huko Harrow, London. Lipo kwenye mteremko. Juu kuna njia na tangi la maji. Chini kabisa kuna ua mnene wa miti. Anne-Marie na mumewe, Alexis, wazazi wa Miradie waliotoka Kongo, walilipata mwaka huu, baada ya kungoja sana.

Mwezi wa nne ulipokaribia kwisha, Anne-Marie alikuja na kopo la maharagwe. Alexis alikuwa ameshika jembe.

"Tunapanda wapi?" Alexis aliuliza.

"Kule chini, karibu na ua."

"Kwa nini siyo hapa juu? Maji yako hapa."

"Baba Miradie, wewe umekulia Uvira, kando ya ziwa. Baridi utaijulia wapi? Sisi watu wa milima ya Walungu tunaijua. Ukipanda mlima, baridi inaongezeka. Ukishuka, unapata joto. Na ule ua utatuzuilia upepo."

"Sawa, mtoto wa mlima," Alexis alisema. "Lakini hata ng'ombe wa kwenu angekicheka kilima hiki."

Alishuka na jembe lake, akalima kule chini.

Maharagwe hayo hayakuwa ya dukani. Yalikuwa mekundu, yenye madoa meupe, ya aina inayopanda juu ya fito. Yalitoka kwa Mama Sidonie, mzee wa kanisani kwao. Kwa miaka mingi Mama Sidonie aliyaotesha kwenye ndoo, barazani kwake, ghorofa ya tatu, huko Thamesmead. Sasa miguu yake imechoka. Amehamia kwa binti yake huko Thornton Heath, na pale hakuna baraza. Alimpa Anne-Marie kopo lote.

"Ndiyo ya mwisho," alimwambia. "Sijui mtu mwingine mwenye mbegu hii. Usiache ipotee. Na mimi unikumbuke kwa sahani moja."

Anne-Marie alipanda karibu yote. Alibakiza kiganja kimoja tu koponi.

Maharagwe yaliota vizuri. Katikati ya mwezi wa tano yalikuwa na majani mapana. Jioni moja anga ilikuwa safi, bila wingu. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Redio ilisema usiku kutakuwa na nyuzi tatu za joto.

"Tatu siyo sifuri," Alexis alisema. "Maji hayagandi. Tulale."

Asubuhi Anne-Marie alipofika shambani, nyasi za chini zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Ilikuwa jalidi, ule umande unaoganda. Alishika jani la haragwe. Lilikuwa jeusi na laini, kama limechemshwa. Alishika la pili. Lilikuwa vilevile. Mstari mzima ulikuwa umekufa, na mstari uliofuata pia.

Alichuchumaa pale pale. Hakulia. Alikuwa anafikiria namna ya kumwambia Mama Sidonie.

Jirani yake wa upande wa juu alimwona. Anaitwa Ushma. Alizaliwa Kisumu, akaja London akiwa msichana, akafundisha jiografia shule ya sekondari mpaka alipostaafu. Kiswahili cha utotoni bado anacho. Alishuka na chupa yake ya chai. Kwanza alimimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko, akampa Anne-Marie ashike kwa mikono miwili.

"Pole, Mama Miradie. Kunywa kwanza."

Anne-Marie alikunywa. Kisha akatazama juu. Maharagwe ya Ushma yalikuwa mabichi, yamesimama.

"Mama Ushma, yako yamepona, na yako juu. Mimi nimepanda chini, kwenye joto. Imekuwaje?"

"Nani alikuambia chini kuna joto?"

"Kwetu ni milima. Juu ni baridi."

"Ni kweli. Mchana, jua linapasha ardhi, na ardhi inapasha hewa iliyo karibu nayo. Ukienda juu, hewa inapoa. Lakini nikuulize. Kwenu asubuhi, ukungu unalala wapi?"

"Bondeni."

"Na ulipotumwa maji mtoni alfajiri, baridi ilikuwa wapi?"

Anne-Marie alizungusha kifuniko cha chai mikononi. Alikumbuka njia ya kwenda mtoni, na jinsi miguu ilivyokufa ganzi alipofika chini kwenye majani marefu.

"Mtoni," alisema polepole. "Tulikimbia kurudi juu."

"Basi ulijua zamani. Usiku mawingu ni kama blanketi. Yakikosekana, ardhi inapoteza joto lake, linakwenda angani. Ardhi ikipoa, inapoza hewa inayoigusa. Hewa baridi ni nzito. Inateremka polepole kama maji, inajikusanya chini. Hewa yenye joto inabaki juu yake. Mpangilio wa mchana umepinduka."

"Na ua wangu?"

"Ua wako ni kama ukuta wa bwawa. Baridi imefika pale, ikakosa njia ya kutokea."

Ushma alionyesha nyumba zilizo chini ya shamba. Moshi wa bomba moja ulipanda kidogo, ukasimama, ukatandazika kama shuka.

"Umegota kwenye ile hewa ya joto, hauwezi kupita. Upepo ukija utachanganya hewa yote. Hapa kwetu jua likipanda, mambo yanarudi sawa. Lakini nchi za kaskazini kabisa, wakati wa baridi, hali hii inaweza kukaa siku nyingi, kwa sababu jua ni dhaifu."

Jioni hiyo Anne-Marie alimweleza Alexis yote. Alexis alitikisa kichwa.

"Redio ilisema tatu. Mwalimu anapingana na redio?"

Jumamosi iliyofuata Alexis aliuliza hivyo shambani, na Ushma akamjibu mwenyewe. "Sipingani nayo. Kipimo cha redio kinachukuliwa kimo cha kifua. Haragwe halina kifua. Linalala chini kwenye nyasi, na huko baridi ni kali zaidi."

Aliwapa vipimajoto viwili. Wakaweka kimoja chini karibu na ua, kingine juu karibu na tangi, vyote juu ya udongo.

"Vitasoma sawa," Alexis alisema. "Ni hatua chache tu."

"Visiposoma sawa?" Anne-Marie aliuliza.

"Nitakubebea maji mpaka mavuno."

Walingoja usiku mwingine wa anga safi usio na upepo. Alfajiri walikwenda pamoja. Cha juu kilisoma nyuzi tatu. Cha chini kilisoma moja chini ya sifuri. Alexis alikiinua, akakipangusa kwa kidole, akakisoma tena. Halafu akaenda kuchukua ndoo.

Anne-Marie hakuwa na haraka sasa. Kiganja chake cha mwisho alikiotesha ndani ya vikombe, dirishani jikoni. Alingoja mpaka mwanzo wa mwezi wa sita. Ndipo alipohamishia miche juu, karibu na tangi. Ushma alimpa kipande cha kitambaa chepesi cheupe, akamfundisha kuifunika miche jioni ikiwa anga ni safi na hewa imetulia, na kuifunua asubuhi. Kule chini walipanda sukuma wiki, mboga ambayo haidhuriwi na jalidi kidogo.

Alexis alibeba maji. Alinung'unika, lakini alibeba.

Mwezi wa tisa maganda yalijaa. Anne-Marie alijaza tena kopo la mbegu kabla hajapika hata moja. Mbegu nyingine alimpa Ushma, ili zisikae mahali pamoja tu. Zilizobaki alizichemsha kwa kitunguu na mawese, akapanda basi kwenda Thornton Heath, sufuria mapajani.

Mama Sidonie alikula taratibu. Alipokaribia kumaliza, Anne-Marie alimweleza habari za jalidi, na jinsi mbegu zilivyokaribia kupotea.

"Ajabu," Mama Sidonie alisema. "Miaka yote ile kwangu hayakuungua hata mara moja. Na sikuyafunika."

"Ulikuwa ghorofa ya tatu, mama. Baridi ilikuwa inapita chini yako."

Mama Sidonie aliweka kijiko chini. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Na mimi miaka yote ile nililaani zile ngazi," alisema, akasogeza sahani aongezewe.