Alama Tatu za Mardhiya

Wiki ile ya kujifunza kazi, Mardhiya alitoka kwao Croydon saa moja asubuhi, akapanda tramu, kisha treni, hadi maabara ya Dakta Kalpana. Tevin, mwenzake wa darasani, alikuwa naye.

Maabara ilitengeneza chembe za plastiki inayoyeyuka polepole mwilini, ndogo kuliko vumbi. Ndani yake ilifungiwa DNA ya chanjo ya majaribio, isiharibike njiani. Kazi ya Mardhiya ilikuwa kuziosha chembe kwa maji mara tatu na kutia alama daftarini kila mara.

Jumatano alikuwa na haraka ya kwenda kula chipsi. Akaosha mara moja, akatia alama tatu.

Alhamisi Dakta Kalpana aliwapokea kwa furaha. "Mardhiya, mkono wako una baraka! Chembe zako zimebeba DNA maradufu ya tulivyotarajia. Saa tisa nawasomea wenzangu matokeo haya."

"Haya, profesa," Tevin akamtania. "Ukipewa tuzo usinisahau!"

Mardhiya alijaribu kucheka. Uso ulimwaka moto. Heri angetukanwa kuliko kusifiwa vile. Kila Dakta alipopita na kumpigapiga begani, alitamani sakafu impasukie.

Mwishowe alimfuata mezani. "Anti, samahani. Niliosha mara moja tu."

"Na hizi alama?"

"Nilizitia tu." Machozi yakamdondoka. Tevin akageukia dirishani.

Dakta Kalpana alizitazama tena zile alama. "Basi DNA nyingi niliyoipima imeganda nje ya chembe, maana haikuoshwa. Haimo ndani. Ningewadanganya watu wote wale bila kujua."

Mardhiya akachukua kifutio.

"Hapana, mwanangu. Hapa hatufuti. Piga mstari mmoja, andika ukweli pembeni, utie sahihi."

Aliandika, akatia sahihi. Kisha akatoa chembe za Jumatano zilizobaki kwenye friji, akaziosha: mara moja, mara mbili, mara tatu. Zilipopimwa, DNA ilikuwa chini ya nusu ya ile ya asubuhi.

"Ni ndogo," alinong'ona.

"Ndogo, lakini ya kweli. Hiyo ndiyo nitakayosoma." Dakta alimwangalia kwa upole. "Mimi nimekulia Mombasa, majirani zetu Waislamu. Ukitawadha kwenu mara tatu tatu, nani hukuhesabia?"

"Hakuna."

"Na hapa pia hakuna. Ndiyo maana inabidi tukuamini. Siku moja mtoto atanyoosha mkono achomwe sindano ya chanjo hii, naye hatakuwa na njia ya kukuuliza uliosha mara ngapi."