Mkanda-Pafu wa Mgeni

Swichi ya mtandao, pale ukutani, ilikuwa imeigawa nyumba nzima bila kujenga hata ukuta mmoja. Waya ulikuwa uleule, lakini ndani yake Kalunde alikuwa amechora vyumba-hewa vitatu: cha ofisi yake, cha familia na cha wageni. Vifaa vya chumba kimoja havikuviona vya kingine. Katika Tabora ile, ambako hata jiko lilikuwa na akili, asiyegawa mtandao wake alijitakia balaa.

Balaa lilikuja mchana kweupe. Kirusi cha kompyuta kilipenya chumba-hewa cha wageni kupitia saa ya fundi wa maji, kikaanza kutafuta njia ya kuingia kwingine.

"Funga wageni," Kalunde aliamuru. Swichi ikatii, naye akashusha pumzi.

Ndipo mkanda-pafu wa mama yake ukanyamaza.

Alikimbilia chumbani kwa mama. Bi Nyamizi alikuwa ametumbua macho, kifua kimetulia tuli. Mkanda ule ulimpumulisha kwa amri za hospitali zilizopitia mtandaoni, na Kalunde alikuwa na hakika uko kwenye chumba-hewa cha familia. Wapi! Juzi mama aliusajili mwenyewe kwa sauti yake. Ulipomuuliza yeye ni nani katika nyumba hii, alijibu: mgeni. Nao ukajiweka kwa wageni. Angejibu nini tena, mwanamke wa Kinyamwezi anayelala kwa mkwe wake?

Kando ya kitanda palikuwa na mpira wa kupulizia hewa kwa mkono, lakini mikono ya Kalunde ilihitajika kwenye swichi. Akamwita mumewe, Machibya. Alifika mlangoni akasimama, uso kaugeuzia pembeni. Kwa mwiko wa ukwe, tangu mama ahamie alikuwa hajawahi kuvuka kizingiti kile.

"Siwezi, Kalunde. Mama mkwe yuko kitandani."

"Atakufa. Minya huu mpira."

Akaingia. Akapiga magoti, akamfunika mkwewe mdomo na pua kwa mpira, akaminya, akaachia, akaminya tena, jasho linamtiririka. Kalunde akaifungua swichi kwenye simu yake, akauhamishia mkanda kwenye familia. Swichi ikakataa. Kumbe hakuwa ameupa mkanda ruhusa ya kutoka nje hadi hospitali. Akaifungua njia hiyo, na mkanda ukakoroma, ukaanza kazi.

Machibya akauachia mpira. Akabaki sakafuni analia waziwazi. Bi Nyamizi alivuta khanga akajifunika uso, na Kalunde akaiogopa aibu ya mama kuliko alivyokiogopa kirusi.

"Kalunde," sauti dhaifu ilitoka chini ya khanga. "Mkwe wangu anakaa chini na wewe upo? Mletee kiti."