Maini ya Mama Mkwe

"Saa kumi kamili umwachilie," mkuu wake alisema kwenye simu. "Bila ushahidi hatuna kesi."

"Niongeze saa moja, mzee."

"Una dakika ishirini."

Simu ikakatwa.

Jasusi Asekenye alisonya. Glock kiunoni, hadubini ya mkoba mezani, na bado amekwama. Siku nzima ilikuwa imempotelea kwenye kijiofisi hiki cha wakala wa mizigo, hapa mpakani Malaba. Nje, Daktari Olinga alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, akinywa soda na kutabasamu.

Tabasamu lile lilimchoma roho.

Kwenye kreti ya barafu ya Olinga mlikuwa na vipande sita vya maini ya ng'ombe. Vya utafiti, alidai. Habari za siri zilisema anavusha kirusi cha kufyeka ng'ombe wote wa Teso, wa babake Asekenye wakiwemo, ili waliomtuma waje kuuza chanjo.

Silaha ya Asekenye leo ilikuwa kichupa cha rangi. Tone moja, mwanga wa buluu, basi. DNA hung'aa kijani, RNA nyekundu. Seli yenye afya huonyesha wekundu kidogo tu. Kirusi hiki ni cha RNA. Seli iliyovamiwa huwaka kama makaa.

Vipande vitano havikuwaka.

Pazia likafunguliwa ghafla.

"Funga, Emong! Jua linaua rangi!"

"Pole, madam. Joto imezidi," karani alijitetea.

Cha sita nacho, bure. Labda rangi ilikuwa imeharibika. Alihitaji maini yasiyo na kirusi ya kulinganisha.

"Iko maini kwa friji," Emong alisema.

Asekenye akakata, akapaka rangi, akainamia hadubini.

Nyekundu tupu.

Nusura alie kwa hasira. Amechanganya vioo vya sampuli? Akarudia.

Nyekundu.

"Emong, haya maini ni ya nani?"

"Ya huyo daktari. Watu wa foleni huwa nawawekea vitu zao zisiharibike. Aliniachia asubuhi kabla mumkamate. Ati ni ya mama mkwe wake, huko Amagoro."

"Nawa mikono. Sabuni, mara mbili!"

Saa kumi kasoro dakika mbili. Olinga alikuwa ameshasimama, akinyoosha koti lake. Pingu zikalia.

"Kwa kosa gani?"

"Mama mkwe atakula mboga leo."

Askari wawili wakamchukua. Asekenye alifunga mkoba wake, akavaa miwani.

"Madam, na friji yangu?"

"Nayo imekamatwa," akajibu bila kugeuka, akaenda zake.