Damu Iliyozimwa

Kwanza ilikuwa harufu. Muuguzi aliisikia sebuleni alasiri moja, harufu ya chuma kilicholowa. Akanusa mikono yake, akanusa sare, akasema moyoni kwamba kazi imemfuata nyumbani. Anayeshinda chumba cha majeruhi huzoea kujishuku.

Alikuwa na starehe moja tu, na msimcheke: gemu ya vita. Akitoka zamu huoga, hujitupa kwenye kochi na kupiga risasi mpaka usingizi umchukue. Ila kwenye mipangilio alikuwa amezima vitu viwili, damu na matusi. Kuvivumilia hivyo hospitalini alikuwa akilipwa, tena kiduchu. Nyumbani hakuvitaka hata bure. Adui zake walianguka kimya, wakafifia, basi.

"Mke mwenza, umewamaliza?" bibi yake alizoea kuuliza kutoka kitini. Ndiye aliyemlea, na utani huo haukumtoka mdomoni hata siku moja. Tusi ndilo halikuwahi kuingia humo.

Siku ya tatu zulia mbele ya runinga lilikuwa na unyevu. Alilisugua kwa maji baridi na chumvi, kama anavyofua sare zake, na maji ya ndoo yakawa mekundu. Uchovu haukumwachia hata nafasi ya kuogopa. Wiki ileile bibi akaanza kupauka. Muuguzi alimvuta kope la chini, akakuta weupe mtupu. Kipimo cha damu kilisoma nane. Siku tano baadaye, sita.

Hapo akafanya kosa ambalo muuguzi yeyote angelifanya: akampeleka bibi kuongezewa damu, mifuko miwili. Kesho yake, jua likiwa bado dirishani, alishika rimoti ya gemu, akampiga adui wa kwanza, na kabla yule hajafifia akahisi zulia likilowa chini ya nyayo zake, vuguvugu, likipenya katikati ya vidole, na nyuma yake bibi, aliyekuwa amesinzia kitini, bibi ambaye hata paka akimwibia nyama humwita mpuuzi tu, akafungua mdomo na kutoa tusi zito kwa sauti ya mwanamume mchovu, kisha jingine, na jingine, moja kwa kila risasi, hadi rimoti ilipomponyoka mkononi.

Msafishaji wa wodi yao, mama mmoja aliyesifika kwa kuzungumza na wasioonekana, hakusubiri kuombwa mara mbili. Alivua viatu, akakanyaga zulia, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Ni jini," alinong'ona. "Lilikaa kwenye gemu, linakula kinachomwagika. Ukalifungia."

"Nilitaka kupumzika tu, mama."

"Najua, mwanangu. Lakini mwenye njaa ukimfungia jiko, atapekua vyumbani. Limemkuta bibi, na wewe ukaongeza mifuko miwili."

"Niitupe hiyo gemu?"

"Ukiitupa litabaki huku kwa bibi. Iwashe ile damu, na matusi yake. Ulilishe humo kila siku, usiruke hata moja."

Aliviwasha vyote viwili. Zulia likakauka. Bibi akarudiwa na rangi, na kipimo kikasoma kumi. Kila alasiri muuguzi alitoka kwenye damu ya kweli akaja kumwaga ya uongo, akitukanwa, macho kwenye saa. Alimpenda bibi yake kuliko usingizi. Ila starehe yake ilikufa, na hilo lilimuuma, tusidanganyane.

Kisha akapangiwa zamu mbili mfululizo. Aliporudi alikaa kwenye kochi avue viatu kwanza, akalala na kimoja mguuni.

Milio ya risasi ndiyo iliyomwamsha. Jua lilikuwa bado dirishani. Bibi, ambaye simu huishika kwa mikono miwili na bado humkatikia, alikuwa ameketi zuliani, mashavu yamejaa, vidole vikikimbia juu ya rimoti. Kwenye skrini adui alianguka, akafifia bila hata tone, damu imezimwa tena, na mguu wa muuguzi usio na kiatu ukahisi uvuguvugu. Alijaribu kuinuka, akaangukia kochini tena. Akatazama viganja vyake. Vilikuwa vimepauka kabisa.

"Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "naomba hiyo rimoti."

Bibi hakugeuka.

"Lala tu, muuguzi," alisema. "Umechoka."

Hakuwahi kumwita hivyo.