Ndiyo ya Kamen

Harufu ya pilipili hoho za kuchoma ilikuwa imejaa Soko la Alhamisi, jijini Plovdiv, Zornitsa alipogeuka na kukutana uso kwa uso na mwanamume ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameapa kumsahau. Kamen alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, shati jeupe limepigwa pasi, utepe mweusi umemzunguka kichwa. Mama yake alikuwa akichagua hoho.

Zornitsa alitaka kukimbia, ila miguu ilikuwa imechoka. Tangu alfajiri alikuwa kwenye tanuri la mikate, na mikono ya koti lake ilikuwa bado na unga. Zamani Kamen angemtania, "We Zori, hiyo ni poda au unga?" Kiharusi kilimnyang'anya maneno yote. Zornitsa akamuuguza miezi mingi, hadi siku ile alipopiga simu.

"Mpenzi, nimechoka. Sijui hata kama bado unanitaka. Niache kuja?"

"Ndiyo," ilijibu sauti kavu ya mashine iliyokuwa ikimsemea Kamen.

"Kweli, Kamen?"

"Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo."

Zornitsa akakata simu, na hakurudi tena.

"Umetutupa, mwanangu," mama alisema sasa, bila ukali.

"Alinifukuza mwenyewe, mama. Kwa hicho kidude."

"Hiki?" Mama aliguna, akigusa utepe mweusi. "Hiki kinasoma kichwa kinavyokwenda, na kinanitia wazimu. Kimetengenezwa ugenini, na huko mtu akikubali anainamisha kichwa. Sisi hapa tukiinamisha tunakataa, tukitikisa huku na huku tunakubali. Namuuliza kama ameshiba, anakataa, chenyewe kinasema ndiyo. Fundi kila siku anakuja kesho."

Zornitsa aliutazama utepe ule. Kumbe siku ile Kamen alikuwa peke yake na simu, anakataa kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyokataa ndivyo mashine ilivyozidi kumfukuza mpenzi wake. Akachuchumaa mbele ya kiti.

"Na mimi nikaamini mashine. Nisamehe. Bado nimechoka, Kamen, sikudanganyi. Nirudi hivyo hivyo?"

Macho ya Kamen yalijaa machozi. Polepole, Kamen akatikisa kichwa huku na huku.

"Hapana," mashine ikalitangazia soko zima. "Hapana. Hapana."

Muuza hoho, aliyekuwa amewapa mgongo akipanga masanduku, alihema.

"Pole, binti."

"Asante, baba," Zornitsa alijibu huku akifuta machozi kwa mkono wenye unga. Akazunguka nyuma ya kiti, akampokea mama vishikio, akaanza kusukuma kuelekea nyumbani.